Kingamwili Haisomi Jina la Leso

Kichupa kilifika Ijumaa jioni ndani ya sanduku jeupe la stairofomu ambalo lingetosha kuku wawili. Juu pakiti za barafu ya jeli, chini pakiti za barafu ya jeli, katikati mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kichupa kifupi kuliko kidole changu cha mwisho. Kilikuwa na maikrolita 100 za maji mazito kidogo. Ukiyadondosha ni matone mawili, basi. Matone hayo yaligharimu zaidi ya dola 400, na hapo hujaweka usafiri, forodha, wala kijana wa bodaboda aliyelifunga sanduku nyuma kwa mpira akapenya nalo msongamano wa Waiyaki Way saa kumi na moja.

"Daktari, hii ni dawa ya nini?" akaniuliza akinipa karatasi nitie sahihi. Hata shahada ya pili nilikuwa sijaimaliza, lakini Nairobi ukishavaa koti jeupe umekuwa daktari. Nikamwambia si dawa, ni kitu cha kutafutia protini. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Jibu langu lilikuwa nusu ya ukweli. Kichupa kile hakikuwa na kitu kinachotafuta protini. Kilikuwa na kingamwili, kitu kinachoshika umbo fulani dogo, na kuthibitisha kwamba umbo hilo ni la protini niliyoitaka ilikuwa kazi yangu mimi. Nililijua hilo baada ya kupoteza wiki tatu.

Protini yenyewe inaitwa COX IV. Kwetu maabara tuliiita koksi fo. Ni kipande kimoja cha kimeng'enya kikubwa, saitokromu c oksidesi, kilichopandwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Mitokondria kila aliyepita kidato cha kwanza anazikumbuka: vile vidude vya mfano wa maharagwe tulivyovichora kwa penseli, ambavyo mwalimu alisema ndivyo vinavyoipa seli nguvu. Mahali mwalimu hakufika ni mwisho wa safari. Chakula kikishavunjwavunjwa, elektroni zake hupokezanwa kutoka kimeng'enya kimoja hadi kingine kama ndoo za maji nyumba ikiungua, na wa mwisho kwenye foleni ni huyu saitokromu c oksidesi. Yeye huzikabidhi kwa oksijeni, na maji yakapatikana. Sehemu kubwa kabisa ya oksijeni unayoivuta huishia mikononi mwake.

Ukitaka kujua uzito wa kazi hiyo, muulize bibi yeyote wa Kilifi au Busia kuhusu muhogo mchungu. Atakwambia uumenye, uuloweke, uuanike, ndipo uusage, ukiuharakisha, unaua. Kinachoua ni sianidi, na sianidi huenda kukaa ndani ya kimeng'enya hikihiki, palepale oksijeni ilipopaswa kukaa. Damu imejaa oksijeni, seli haziwezi kuitumia. Mtu anakosa pumzi huku anapumua.

Kuna na kichekesho. Kwenye vichupa vingi vya kingamwili, watengenezaji hutia sodiamu azidi kidogo, kama asilimia 0.02, ili bakteria wasiote. Azidi nayo ni sumu ya kimeng'enya hichohicho. Kwa hiyo kichupa changu cha kutafutia COX IV kilihifadhiwa kwa kemikali inayokikaba chombo chenye COX IV. Kwa sampuli ya seli zilizokwisha kusagwa haina neno. Ukiimimina juu ya seli hai ukitaraji ziendelee kupumua kama kawaida, hayo ni mambo mengine.

Mtu wa Nairobi anajisumbua na kipande hiki kwa nini? Sababu moja imo kwenye kumbukumbu za kliniki zetu. Miaka ya 2000, ARV zilipoanza kuwafikia wengi Kenya, stavudini ilikuwa miongoni mwa dawa za mwanzo walizopewa wagonjwa. Iliokoa maisha, hilo lisisahaulike. Pia iliwakausha wengine mafuta ya mashavu na miguu, na wengine ikawaachia nyayo zinazowaka moto usiku kucha. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziiache polepole. Chanzo cha madhara yale kilihusishwa na mitokondria: stavudini huzuia kimeng'enya kinachonakili DNA yao.

Ndiyo, mitokondria zina DNA yao wenyewe. Ya binadamu ina herufi 16,569 tu, na hutoa maelekezo ya protini 13. Protini nyingine za mitokondria, zaidi ya 1,000, hutengenezwa nje kwa maelekezo ya jeni zilizo kwenye kiini cha seli, kisha huingizwa. Saitokromu c oksidesi ni ndoa ya mseto: vipande vya COX I, II na III hutoka ndani, COX IV na wenzake hutoka nje. Mtafiti anayeshuku kwamba dawa inaharibu DNA ya mitokondria atalinganisha COX II na COX IV kutoka kwa mgonjwa yuleyule. COX II ikishuka na COX IV ikabaki pale ilipokuwa, hitilafu iko ndani, kwenye DNA ya mitokondria. Zikishuka zote mbili, huenda mitokondria zenyewe zimepungua. COX IV hapo ni jiwe la mizani. Jiwe likiwa bovu, kila ulichopima kwa mizani ile kimeharibika, na wewe huna habari.

Turudi kwenye kichupa. Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y, uzani wake kama kilodaltoni 150 (kilodaltoni ni kipimo cha uzani wa molekuli), na ncha zake mbili za juu ndizo mikono. Kila mkono hushika kipande kidogo cha protini nyingine kiitwacho epitopi, mara nyingi asidi amino, yale matofali yanayojenga protini, chache tu kati ya mamia.

Nenda Biashara Street, simama mbele ya duka la leso. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Sisi tukitafuta leso tunasoma jina, maana jina ndilo linalotofautisha ya kumpelekea mama mkwe na ya kumfumbia jirani. Kingamwili haisomi jina. Yenyewe imezoezwa maua matatu ya kona moja ya pindo. Itaishika leso yoyote yenye maua hayo, hata jina likiwa jingine kabisa. Na ukiikunja leso kona ile ikafichika, kingamwili itapita kama haijaona kitu, na jina liko pale linasomeka.

Nusu ya matatizo yote ya kingamwili za utafiti yamo kwenye kona hiyo ya pindo. Inashika protini isiyo yako kwa sababu maua yanafanana. Inafanya kazi vizuri protini ikiwa imenyooshwa kwa joto na sabuni, lakini inashindwa protini ikiwa imejikunja ndani ya seli, au kinyume chake. Inamtambua binadamu, haimtambui ng'ombe, kwa kuwa kwenye ng'ombe ua moja limebadilika. Hili la mwisho linatuhusu sana sisi tunaofanya kazi na mifugo. Kingamwili nyingi za dukani zimetengenezwa kwa kufikiria binadamu na panya. Ng'ombe, mbuzi na ngamia hukumbukwa mwishoni kama hukumbukwa kabisa, na kazi ya kulinganisha mfuatano wa asidi amino kabla ya kununua hukuangukia wewe.

Namna ya kuitengeneza ndiyo inayoamua itashika nini. Njia ya zamani: mchukue sungura, umdunge kipande cha protini, subiri wiki kadhaa, umtoe damu. Mwili wake utakuwa umetengeneza kingamwili za kila aina dhidi ya kipande kile, moja inashika kona hii, nyingine kona ile. Mchanganyiko huo huitwa polikloni. Una nguvu, kwa sababu mikono ni mingi, na una fujo kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein kule Cambridge waliunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyokufa. Wakapata seli inayotoa kingamwili ya aina moja tu, bila kikomo. Hiyo ni monokloni, na iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Nairobi haikuachwa nyuma sana: miaka ya 1980, kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo cha ILRAD pale Kabete, ambacho mwaka 1994 kiliunganishwa na kingine kikawa ILRI, kilikuwa kikitumia kingamwili za monokloni kuwasaka vimelea vya ndigana kali ya ng'ombe. Siku hizi kuna na za rekombinanti, ambapo jeni ya kingamwili yenyewe inajulikana na huwekwa kwenye seli za kuotesha, kwa hiyo kila kundi hufanana na lililotangulia. Ningekuwa na hela ningenunua hizo tu.

Ngamia nao wana aina yao, kingamwili zisizo na minyororo myepesi, yaani vile vipande vidogo vya Y, iliyotangazwa na watafiti wa Brussels mwaka 1993. Kwa nchi yenye ngamia wengi kama hii, nimewahi kujiuliza kwa nini tunaagiza kila kitu kwa ndege. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Kichupa changu kilikuwa cha monokloni ya panya. Sampuli yangu ilikuwa ini la panya. Msomaji aliyewahi kufanya kazi hii ameshaanza kucheka.

Njia tuliyotumia ni westani bloti, ya kutafuta protini moja kati ya nyingi. Jina lake ni mzaha wa wanasayansi. Mwaka 1975 Edwin Southern alitangaza njia ya kutafuta vipande vya DNA, ikaitwa kwa jina lake, nalo jina hilo kwa Kiingereza lina maana ya kusini. Waliokuja na njia ya RNA, nakala ya jeni, wakaiita ya kaskazini. Njia ya protini, iliyotangazwa mwaka 1979, ikaja kubatizwa ya magharibi mwaka 1981.

Kazi yenyewe ni ya jikoni. Unasaga kipande cha ini kwenye barafu, ndani ya bafa, maji yanayotunza kiwango cha asidi, yenye sabuni. Unapima protini ilivyo nyingi. Unaichemsha kwa nyuzi 95 dakika tano pamoja na sabuni kali na kemikali inayokata vifundo, mpaka kila protini inyooke kama uzi. Unazidondosha kwenye vishimo vya jeli, maikrogramu 20 kila kishimo, pembeni unaweka ngazi yenye rangi inayokuonyesha uzani, kisha unawasha umeme. Ndogo zinakimbia, kubwa zinakokotana. Zikishatengana unazihamisha kwa umeme kutoka kwenye jeli hadi kwenye karatasi nyembamba, utando wa plastiki ya PVDF, ambao lazima kwanza uloweshwe kwa methanoli la sivyo unakataa maji kama jani la yungiyungi.

Halafu maziwa. Unauogesha utando kwenye maziwa ya unga ya asilimia 5 ili kila nafasi tupu ijae, kingamwili isije ikanata ovyo. Kwetu mtu alitumwa supamaketi na maagizo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: YASIYO NA MAFUTA. Aliyewahi kuleta ya chai yenye mafuta bado anasimangwa.

Kingamwili ya kwanza huongezwa sehemu moja kwa elfu, usiku kucha, kwenye chumba cha baridi, juu ya mashine inayoyumbayumba. Asubuhi unaosha, unaweka kingamwili ya pili. Hii haijui kitu kuhusu COX IV. Kazi yake ni kuishika kingamwili ya kwanza, na mgongoni imebeba kimeng'enya cha peroksidesi kilichotolewa kwenye mzizi mmoja mkali wa Ulaya. Ukimwagia kemikali ya luminoli, peroksidesi inaifanya itoe mwanga wa buluu hafifu, na kamera gizani inauona. (Azidi huua peroksidesi pia. Usiitie kwenye bafa ya hatua hii. Niliwahi kuona utando uliokaa gizani nusu saa bila hata nukta.)

Picha yangu ilipotokea kwenye skrini nilipiga makofi. Mistari miwili mizito, myeusi, safi. Kisha nikaisoma ngazi ya pembeni: mmoja kilodaltoni 50, mwingine 25. COX IV hukaa kwenye 17. Pale kwenye 17 palikuwa na kivuli, labda, ukikodoa.

Nikaanza kujitungia maelezo, na hili ndilo jambo ninalotaka lionekane vizuri, kwa sababu maelezo yangu yalikuwa ya akili. Protini nyingi zinazoingizwa mitokondria huzaliwa na mkia wa mbele, mithili ya pasi ya mlangoni. COX IV ya binadamu huzaliwa na asidi amino 169. 22 za mwanzo ndizo pasi. Ikishaingia ndani, mkasi wa mitokondria huikata pasi, zinabaki 147. Nikasema basi, mstari wa 25 ni COX IV isiyokatwa, na huenda panya wetu walikuwa na tatizo la kuingiza protini. Nilianza hata kuandika kichwa cha makala ya jarida.

Aliyeniokoa ni fundi mkuu wa maabara, mzee ambaye sote tulimwita Mzee tu, aliyeanza kazi hizi kabla sijazaliwa. Aliitazama picha akiwa na kikombe cha chai mkononi, nje ya mlango, maana chai haiingii.

"Kijana, hizo asidi amino 22 zina uzito gani?"

Nikapiga hesabu. Kama kilodaltoni mbili na nusu.

"Kwa hiyo isiyokatwa ingekaa wapi?"

"Kwenye 19 au 20."

"Na wewe una 25." Akanywa chai. "Ulishapika bila nyama?"

Sikumwelewa. "Mchuzi uleule, viungo vilevile, usitie nyama. Kama bado unanuka nyama, harufu inatoka kwenye sufuria."

Nikarudia kila kitu kwenye kipande kingine cha utando, nikaruka kingamwili ya kwanza. Maziwa, kingamwili ya pili, luminoli. Mistari ya 50 na 25 ikatokea vilevile, mizito, myeusi, safi.

Ini lina damu nyingi, na damu ya panya ina kingamwili za panya. Kemikali ya kukata vifundo huzivunja vipande vya aina mbili: minyororo mizito ya kilodaltoni 50, minyororo myepesi ya 25. Kingamwili yangu ya pili ilikuwa imefundishwa kushika kingamwili yoyote ya panya. Ikazishika. Haikukosea hata kidogo. Ilifanya kazi niliyoinunulia. Mimi ndiye niliyempeleka askari atafute mgeni kwenye kijiji chenye watu wa sura ileile.

Kivuli cha 17 kilikuwa na kisa chake. Utando wetu ulikuwa na matundu ya maikroni 0.45, na tuliacha umeme wa kuhamisha kwa muda wa protini kubwa. Protini ndogo zikapita kwenye matundu zikatokea upande wa pili. Mzee aliniambia niweke karatasi ya pili nyuma ya ya kwanza, na kweli, sehemu ya protini ndogo tulizikuta huko. Tukabadilisha: utando wa matundu ya 0.2, muda mfupi, jeli nzito ya asilimia 15. Na tukaagiza kingamwili nyingine, ya sungura. Dola nyingine, sanduku jingine la kuku wawili.

Mstari wa 17 ukatokea peke yake. Je, ulikuwa COX IV?

Bado hujui. Uzani ni ushahidi dhaifu: histoni H3, protini ya kwenye kiini isiyohusiana kabisa na mitokondria, nayo huonekana karibu na 17, na kila seli yenye kiini imeijaza. Lebo nayo ushahidi wake ni mdogo kuliko tunavyopenda kuamini. Mwaka 2023 kundi la watafiti lenye makao Montreal lilichapisha matokeo ya kupima kingamwili 614 za dukani, zilizolenga protini 65 zinazohusiana na mfumo wa neva. Waliziweka kwenye seli zenye protini hiyo na seli zilizoondolewa jeni yake. Zaidi ya nusu ya kingamwili zilishindwa angalau kwenye matumizi mojawapo. Za rekombinanti zilifanya vizuri kuliko nyingine. Baada ya hapo watengenezaji waliziondoa baadhi sokoni, na nyingine wakazibadilishia maelezo. Mtu anayenunua kwa ruzuku ndogo, ambaye kichupa kimoja ni bajeti ya miezi miwili, anapaswa kuzisoma namba hizo taratibu.

Kipimo chao ndicho kipimo chenye heshima kuliko vyote: ondoa jeni, uone kama mstari unatoweka. Ukibaki, ulikuwa unaangalia kitu kingine. Kwa protini za mitokondria hili lina ugumu wake, kwani seli isiyo na saitokromu c oksidesi haipumui. Lakini seli nyingi za maabara hustahimili zikilishwa glukosi ya kutosha, pamoja na uridini na piruveti. Zinaishi kwa kuchachua, kama togwa. Maabara isiyoweza kukata jeni inaweza kuipunguza kwa RNA fupi na kuangalia kama mstari unafifia kwa kiasi kinacholingana.

Sisi hatukuwa na seli za namna hiyo. Nikajiona mjanja: chembe nyekundu za damu za mamalia zikishakomaa hazina mitokondria. Zikiwa upande mmoja, na moyo wa panya yuleyule, uliojaa mitokondria, upande wa pili, nitapata hapana na ndiyo kwa bei ya sindano. Mzee akanyamaza kidogo, akauliza kipande kimoja cha hemoglobini kina uzani gani. Kilodaltoni 16. Chembe nyekundu ni hemoglobini tupu, ingejaza palepale nilipotaka pawe patupu, na chuma chake kinaweza kuiwasha luminoli bila kingamwili yoyote. Ujanja ule unafaa kwa protini ya mitokondria inayokaa mbali na hapo, kama ATP5A ya 55. Kwa COX IV ni kuchimba shimo ukaingia mwenyewe.

Tulichofanya mwishowe ni kazi ya mikono. Tukasaga ini taratibu bila sabuni, ili mitokondria zisipasuke, tukazungusha kwa mwendo mdogo viini vikatulia chini, tukahamisha maji ya juu, tukazungusha tena kwa nguvu ya mara 10,000 ya uvutano mpaka mitokondria zikatulia nazo. Tukawa na mafungu matatu: viini, mitokondria, na maji ya seli yaliyobaki. Mstari wa 17 ulikuwa mzito kwenye fungu la mitokondria, hafifu kwenye viini, haukuonekana kwenye maji. GAPDH, protini ya 37 inayokaa kwenye maji ya seli, ilifanya kinyume. Histoni ilikuwa kwenye viini ilikostahili. Kisha tukaweka sampuli ya moyo, misuli na ini kwa kiasi sawa cha protini, na moyo ukawa mweusi kuliko wote, kama unavyotarajia kwa kiungo kisicholala. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachotosha peke yake. Vikisema jambo moja vyote, unaweza kulala.

Upande wa darubini sina mengi. Seli zilizopakwa kingamwili nzuri ya COX IV huonyesha nyuzi zilizotapakaa kuzunguka kiini kama tambi kwenye sahani, na kiini chenyewe kinabaki tundu jeusi. Kiini kikiwaka, rudisha kichupa kwenye friza ufikirie upya. Na kingamwili iliyofaulu kwenye bloti haina cheti cha darubini. Leso imekunjwa tofauti.

Tena usilaumu kichupa kila mara. PINK1, protini inayohusishwa na aina ya ugonjwa wa Parkinson unaoanza mapema, kwenye seli nzima huingia mitokondria ikakatwa na kusagwa mara moja, kwa hiyo kingamwili bora kabisa inaweza isikuonyeshe kitu. Ukiziharibu mitokondria kwa kemikali zikapoteza chaji ya utando wao, PINK1 inalundikana nje na mstari unajitokeza. Utando mtupu pale ulikuwa unasema kweli.

Kuhusu friza, kwa kuwa umeme wetu tunaujua: kingamwili nyingi huja zikiwa nusu gliseroli, na kwa nyuzi 20 chini ya sifuri hazigandi. Zibaki maji hivyohivyo. Kinachoziua ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara, kwa hiyo friza ya nyumbani inayojiyeyushia barafu yenyewe ni adui, maana hupata joto kila baada ya saa kadhaa ili isijenge barafu. Sisi tulizifukia kwenye kisanduku chenye pakiti za jeli ndani ya friza, na stima zilipopotea usiku mzima, asubuhi kisanduku kilikuwa bado baridi kuliko sisi.

Kingamwili ya sungura tuliitumia mwaka mzima. Niliandika kwenye daftari namba ya katalogi, namba ya utambulisho inayoanza na RRID, na namba ya loti, yaani ya kundi lililotengenezwa pamoja, hii ya mwisho kwa sababu Mzee alisimama nyuma yangu mpaka nikaiandika. Tulipoagiza tena, katalogi ilikuwa ileile, lebo ileile, bei imepanda kidogo, loti nyingine. Nikaandika barua pepe kuuliza kama tungeweza kupata loti ya kwanza. Jibu lilikuja siku ya pili, sentensi moja: loti hiyo imekwisha. Polikloni ni damu ya sungura mmoja au wachache, na sungura wale walishamaliza kazi.

Mzee alikuwa ameweka kando, kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, vichupa sita vya mafungu yale matatu ya ini, vimeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika. Akanipa vitatu. Nikaenda kumimina jeli.